Captain Beyond: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na watu walioisikia bendi hii kwa mara ya kwanza wakataka kujua wapigaji walikuwa nani, waliishia wapi, na santuri ipi inafaa kununuliwa. Utaona tunarudi mara kwa mara kwenye majina yaliyochapwa kwenye jalada na yale yaliyoachwa. Kwa bendi hii, majina ndiyo yaliyoamua nani alipwe na nani asahaulike.

Captain Beyond walikuwa nani?

Ni bendi ya roki kali yenye saikedelia nyingi ndani yake, iliyoundwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1971. Rod Evans aliimba, Larry Reinhardt alipiga gitaa la solo, Lee Dorman besi, na Bobby Caldwell drams. Kikosi hicho kilirekodi albamu moja tu ya studio, iliyotoka 1972 kwa jina la bendi yenyewe. Kufikia mwisho wa 1973 bendi ilikuwa imevunjika.

Kabla ya hapo walikuwa wapi?

Hakuna aliyekuwa mgeni kwenye kazi hii. Rod Evans, Mwingereza, ndiye sauti ya kwanza ya Deep Purple. Anayeimba “Hush” ya 1968, iliyofika nafasi ya 4 Marekani, ni yeye. Aliimba kwenye albamu zao tatu za mwanzo, kisha 1969 akaondolewa na nafasi yake akapewa Ian Gillan.

Dorman na Reinhardt walitoka Iron Butterfly. Besi inayotembea chini ya “In-A-Gadda-Da-Vida” kwa dakika 17 ni ya Dorman. Reinhardt aliingia baadaye, na anasikika kwenye albamu ya *Metamorphosis* ya 1970. Caldwell alikuwa akimpigia Johnny Winter, mpiga gitaa wa bluzi, na ukitaka kujua mkono wake ulivyokuwa wakati huo, tafuta *Live Johnny Winter And* ya 1971.

Kuna uzi mwingine unaopita Florida. Kabla ya Iron Butterfly, Reinhardt alipiga kwenye bendi iliyoitwa Second Coming pamoja na Dickey Betts na Berry Oakley, wawili walioondoka kwenda kuanzisha Allman Brothers Band na Duane Allman. Ujamaa huo ndio uliowapeleka Captain Beyond kwenye Capricorn Records ya Macon, Georgia, kampuni iliyotoa muziki wa akina Allman. Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki tarehe 29 Oktoba 1971, na albamu ya kwanza ya Captain Beyond ikawekwa wakfu kwa jina lake.

Mbona nyimbo zote za albamu ya kwanza zimeandikwa Evans na Caldwell tu?

Kwa sababu ya mikataba. Iron Butterfly ilikuwa imevunjika, lakini Dorman na Reinhardt bado walifungwa na karatasi walizotia saini huko. Majina yao yasingeweza kuwekwa kwenye utunzi bila kuzua mgogoro, kwa hiyo yakaachwa. Usidhani walikuwa wapigaji wa kukodiwa. Sikiliza jinsi gitaa na besi zinavyosemezana kwenye “Mesmerization Eclipse” uone kama kweli watu wawili tu ndio waliotunga.

Hili si jambo dogo. Mirabaha ya utunzi hulipwa kwa jina lililosajiliwa, na hulipwa kila wimbo unapochapwa upya, unapochezwa redioni au unaporekodiwa na bendi nyingine. Asiye na jina hapati kitu, hata kama wimbo mzima ulizaliwa vidoleni mwake.

Nyimbo 13 zinawezaje kuingia kwenye dakika 35?

Kwa sababu nyingi si nyimbo zinazojitegemea. Ni vipande vilivyotungwa kama shanga kwenye uzi mmoja. Upande wa kwanza una vitano na wa pili vinane. “Dancing Madly Backwards (On a Sea of Air)”, “Armworth” na “Myopic Void” huingiana bila kusimama. Upande wa pili, kuanzia “I Can't Feel Nothin' (Part I)” mpaka sehemu yake ya pili, kuna vipande vitano vinavyokwenda kama wimbo mmoja. Katikati yake kuna “Astral Lady”, cha karibu robo dakika tu kwa urefu.

Ndiyo maana wengi huisikia vibaya kwenye simu. Kabla hujaanza:

Zima uchezaji wa kuruka ovyo (shuffle). Nenda kwenye mipangilio uzime pia ile inayofifisha mwisho wa wimbo mmoja ndani ya mwingine (crossfade), maana inakula sekunde za mwanzo, na “Astral Lady” inaweza kumezwa karibu yote. Kisha washa uchezaji usio na pengo (gapless), kama programu yako inao. Kama unasikia kimya kifupi au mkwaruzo kila kipande kinapoanza, huenda faili zako ni MP3. Aina hiyo huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Faili za FLAC hazina tatizo hilo. Ukihamisha santuri yako kwenda kompyuta, rekodi kila upande kama faili moja ndefu na usiikate. Albamu imepangwa kusikilizwa upande kwa upande.

Ule mwanzo wa “Dancing Madly Backwards” unahesabiwaje? Tunajaribu kuupiga na unatuponyoka.

Unaponyoka kwa sababu mwili unatafuta nne wakati drams za Caldwell zinahesabu tano. Mwanafunzi akifika pigo la tano hufanya moja kati ya makosa mawili: analiruka ili arudi kwenye nne, au anaongeza la sita ili mambo yakae sawa kama kwenye mapigo aliyozoea. Bendi nzima inatawanyika hapo hapo.

Anza bila vyombo. Hesabu kwa sauti, “moja, mbili, tatu, nne, tano”, na piga kofi kwenye moja tu. Fanyeni hivyo pamoja kwa dakika mbili bila kusimama, kwa mwendo wa polepole kuliko rekodi. Mkishaizoea, mpiga besi aingie na drams peke yao. Gitaa lije mwisho. Gitaa likiingia mapema, wote humfuata mpiga solo badala ya kufuata hesabu, na mpiga solo ndiye anayepotea kwa urahisi zaidi. Mtambo wa kupima mwendo upangwe upige pigo la kwanza kwa sauti tofauti, la sivyo hautasaidia kitu.

Jalada lenye picha inayocheza ni la kweli? Nitalitambuaje?

Ni la kweli. Chapa za mwanzo za Marekani zilitoka na picha ya 3D mbele, ile inayobadilika ukiinamisha jalada huku na huku. Namba yake ni Capricorn CP 0105. Chapa za baadaye zina picha ileile iliyochapwa bapa.

Ukiwa na jalada mkononi, pitisha ukucha kwa upole kutoka kushoto kwenda kulia. La 3D lina mistari midogo ya plastiki iliyosimama wima, na ukucha utakwaruza kama juu ya kitana chenye meno membamba. La kawaida ni laini. Ukinunua mtandaoni, picha moja haitoshi, kwa kuwa chapa bapa ikipigwa picha kwa mbele huonekana sawa tu. Omba video fupi ya jalada likiinamishwa, na picha ya pembe zote nne kwa karibu.

Kinachoharibika zaidi ni gundi. Plastiki na karatasi ngumu iliyo chini yake havitanuki sawasawa kwenye joto na unyevu, kwa hiyo miaka ikipita jalada hujikunja na plastiki huanza kuachia pembeni. Kwa anayeishi mwambao, Mombasa, Tanga au Unguja, hatari hiyo iko mwaka mzima. Lisimamishe wima kwenye rafu, mbali na ukuta wa nje na dirisha, na usilibane kati ya santuri nyingi. Vumbi kwenye mistari liondoe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo sana wa maji safi, ukifuata mistari juu-chini. Spiriti na dawa za kusafishia vioo hufifisha plastiki, na ikishafifia hairudi. Jalada likijikunja, usilipige pasi wala usiliweke juani chini ya kitu kizito. Plastiki itayeyuka kabla karatasi haijanyooka.

Anayekutumia kwa posta mwambie aitoe sahani ya santuri ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake kwenye mfuko wake wa ndani, vyote katikati ya makaratasi magumu. Sahani ikiachwa ndani, kila boksi linapotupwa hupiga mshono wa jalada mpaka upasuke.

Kama unachotaka ni muziki tu, usilipie bei ya jalada. Chapa bapa au CD ina sauti zilezile.

Mbona haikuuzwa sana?

Ilifika nafasi ya 134 kwenye chati ya albamu ya Billboard. Sababu ziko kadhaa. Hakukuwa na wimbo wa dakika tatu unaoweza kukatwa na kupelekwa redioni. Capricorn walijua kuuza roki ya Kusini yenye bluzi ndani yake, na hapa walipewa muziki wa anga za mbali wenye hesabu za tano. Zaidi ya yote, bendi ilianza kubadilika kabla watu hawajaijua. Walipiga Montreux, Uswisi, mwezi Aprili 1972, hata kabla albamu haijatoka, na mwaka uliofuata mpiga drams alikuwa ameshaondoka.

Albamu ya pili ina thamani?

*Sufficiently Breathless* (1973, Capricorn CP 0115) ni albamu nzuri, lakini si ya bendi ileile. Caldwell alikuwa amekwenda kumpigia Rick Derringer, mpiga gitaa. Kwenye drams akaletwa Marty Rodriguez, kwenye ngoma za mikono Guille Garcia, na kinanda akapewa Reese Wynans. Ina joto zaidi, harufu ya Kilatini kidogo, na nafasi ya kupumua. Utunzi uko kwa jina la Lee Dorman, yule aliyeachwa nje ya karatasi mwaka mmoja kabla. Sikiliza “Distant Sun” na “Drifting in Space”.

Studio haikuwa na amani. Bendi na mtayarishaji Giorgio Gomelsky hawakuelewana, Evans akaondoka katikati ya kurekodi, akabembelezwa, akarudi. Albamu ilifika nafasi ya 90, juu kuliko ya kwanza. Caldwell alirudi kwa ziara ya mwisho, na rekodi ya jukwaani kutoka Arlington, Texas, iliyotolewa miaka mingi baadaye kwa jina la *Far Beyond a Distant Sun*, inaonyesha kikosi cha kwanza kilivyokuwa kikipiga wakati huo. Mwisho wa 1973 Evans aliacha muziki na kila kitu kikasimama.

Bobby Caldwell ndiye aliyeimba “What You Won't Do for Love”?

Hapana. Yule ni mwimbaji mwingine wa jina hilohilo, aliyefariki Machi 2023. Programu za muziki huwachanganya mara nyingi, utakuta picha ya mmoja na albamu za mwingine. Kama ni drams, Captain Beyond, Derringer au Armageddon, huyo ndiye wetu.

Armageddon ni nini?

Ni bendi nyingine ya maisha mafupi, na kwa anayependa Captain Beyond ndiyo pa kwenda baada ya albamu ya kwanza. Caldwell aliungana na Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, Martin Pugh wa Steamhammer, na Louis Cennamo aliyepiga besi Renaissance. Albamu moja, kampuni ya A&M, 1975, nyimbo ndefu, na drams za Caldwell zikiwa mbele kuliko mahali pengine popote.

Relf alikufa Mei 1976 nyumbani kwake Uingereza, kwa kupigwa na umeme akipiga gitaa ambalo vyombo vyake havikuwa na ethi ya kuaminika. Watu husoma habari hiyo kama bahati mbaya ya ajabu. Si ya ajabu hata kidogo, na inaweza kutokea kwenye ukumbi wowote wetu, kwa hiyo tuieleze.

Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya kupitia waya wa gitaa. Amplifaya ikiwa na hitilafu ndani na bodi yake ikashika umeme, ethi huupeleka ardhini na fyuzi hukatika. Ethi isipokuwepo, umeme unabaki kwenye nyuzi ukingoja njia. Njia hiyo huwa ni mpigaji anayeshika nyuzi kwa mkono mmoja na kugusa maikrofoni, bomba au sakafu mbichi.

Usikate kamwe pini ya ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Tafuta chanzo cha mvumo kwenye nyaya za sauti. Amplifaya zote na mikisa zipate umeme kutoka soketi moja au laini moja. Kabla ya kuanza, weka mita kwenye AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye kichwa cha maikrofoni. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, zima kila kitu na umwite fundi. Amplifaya kongwe za Kimarekani mara nyingi zina kapasita iliyofungwa kati ya laini ya umeme na bodi. Ikizeeka hupitisha umeme, na fundi aiondoe wakati anafunga waya wa pini tatu. Kumbuka pia kwamba vifaa hivyo ni vya volti 120 hivi, na kwetu vinahitaji transfoma.

Rod Evans alifanya nini mwaka 1980?

Baada ya Captain Beyond, Evans aliingia kwenye kazi ya hospitali, tiba ya upumuaji, akafika kuwa mkuu wa idara. Deep Purple wenyewe walivunjika 1976. Mwaka 1980 alifuatwa na watu wa biashara ya matamasha waliotaka kuirudisha Deep Purple jukwaani, akakubali. Kwenye kikosi hicho ni yeye peke yake aliyewahi kuwa Deep Purple. Walizunguka Mexico, Marekani na Canada, wakiimba pia nyimbo ambazo wengine walizitengeneza baada ya yeye kuondolewa.

Watu walikuwa wamelipa wamwone mpiga gitaa Ritchie Blackmore na mpiga kinanda Jon Lord wa Deep Purple. Huko Quebec mwezi Agosti onyesho liliishia kwenye fujo. Kabla ya onyesho la Long Beach, California, mwezi huohuo, mameneja wa Deep Purple walilipia tangazo gazetini lililowataja kwa majina wanamuziki ambao hawatakuwepo.

Kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya Deep Purple ilimalizika Oktoba 1980. Mahakama iliamuru fidia ya dola 168,000 na adhabu ya dola 504,000, jumla dola 672,000. Lililomuumiza Evans zaidi ni kupoteza mirabaha yake ya zile albamu tatu za 1968 na 1969. “Hush” inaendelea kuuzwa na kuchezwa, na sauti ni yake.

Kosa lilikuwa kweli: mashabiki walidanganywa. Lakini tunaona adhabu hiyo ilikuwa nzito kwa mtu ambaye, tofauti na waliobuni biashara hiyo, alikuwa na kitu cha kunyang'anywa. Wenzake jukwaani hawakuwa na mirabaha ya Deep Purple.

Yuko wapi sasa? Naweza kumpata?

Tangu kesi ile amekaa mbali na muziki na waandishi. Mwaka 2016 Deep Purple walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa roki, jina lake lilikuwemo, na hakuhudhuria. Nick Simper, mpiga besi wa kikosi kilekile cha kwanza, hakuwekwa kabisa. Tunaombwa mara nyingi anwani ya Evans na hatuitoi wala hatushauri mtu amtafute. Amechagua kukaa kimya, na ni haki yake.

Reinhardt na Dorman je?

Wote wawili walikufa mwaka mmoja, 2012. Larry Reinhardt, aliyejulikana kwa jina la utani “Rhino”, yaani Kifaru, alifariki tarehe 2 Januari huko Florida kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 63. Lee Dorman alifariki tarehe 21 Desemba, California, akiwa na miaka 70. Dorman alikuwa amerudi Iron Butterfly na kukaa nayo kwa miongo kadhaa, akipiga ile besi ya 1968 usiku baada ya usiku.

Na Reese Wynans?

Huyo ndiye aliyepanda juu zaidi. Alijiunga na Double Trouble, bendi ya mpiga gitaa wa bluzi Stevie Ray Vaughan, na 2015 akaingia nayo Hall of Fame. Alikuwa pia Second Coming pamoja na Reinhardt, kwa hiyo mwaka 1973 hakuja kama mgeni.

Kuna rekodi nyingine zenye jina hili?

*Dawn Explosion* ya 1977: Caldwell, Reinhardt na Dorman walirudi pamoja, na Willy Daffern akaimba. Ni roki iliyonyooka zaidi, yenye gitaa zuri, ila sauti ya Evans inakosekana. Caldwell na Reinhardt walijaribu tena mwishoni mwa miaka ya 1990, na 2000 kukatoka rekodi fupi. Mwaka 2017 zilitolewa rekodi za majaribio za 1972 na 1973 kwa jina la *Lost & Found*. Usianze na hizo. Ni kwa anayezijua tayari albamu mbili za kwanza na anataka kusikia nyimbo zikiwa hazijapakwa rangi.

Kabla ya kununua chochote chenye jina hili, geuza jalada usome wapigaji. Ukiona Evans, Reinhardt, Dorman na Caldwell kwa pamoja, ni kikosi cha 1972. Akikosekana mmoja, utasikia sehemu alipokosekana.